Shuka Nyeupe Upande wa Kuume

Binti yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, simu mkononi. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mchoro wa ndege iliyoonekana kwa juu, viti vyake vimepangwa kama mbegu ndani ya ganda la njegere. Alikuwa anajiandaa kwenda Kalemie kwa mara ya kwanza.

"Mama, nichague dirisha la upande gani ili nilione ziwa vizuri? Kushoto au kulia?"

"Inategemea saa," nikamwambia.

"Saa? Kwani ziwa linahama?"

"Ziwa halihami. Upepo ndio unaohama."

Alicheka, akadhani namtania. Kisha akaniuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba muda mrefu: kwa nini mimi, niliyesafiri kwa ajili ya kazi miaka yote hiyo, sikai dirishani hata siku moja? Alikuwa ameona. Kila tuliposafiri pamoja niliomba kiti cha kwenye njia, nikatazama mgongo wa kiti cha mbele mpaka tukatua. Nilimjibu kwamba ni miguu yangu, inataka kunyooshwa. Jibu hilo nimewapa watu wengi, na wote wamelikubali. Lakini usiku huo sikuridhika nalo. Siku hizi ninajua ukweli wa mambo yale, ingawa mwili haujifunzi kwa haraka kama kichwa, na nimeona afadhali niuandike kama ulivyokuwa, kwa mpangilio, kwa ajili yake na kwa wenzangu waliokulia kando ya ziwa lile wakati nchi ikiitwa Zaire. Huenda na wao walipelekwa mbali siku moja bila kuelezwa.

Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizofanana kama ndugu, zote zimeezekwa mabati yaliyoshika kutu. Ukisimama mlangoni kwetu uliliona ziwa juu ya mapaa ya majirani. Papa alikuwa karani kwenye biro, yaani ofisi ya reli. Alivaa abakosti, ile suti ya wakati wa Zaire, ya kijivu, kola imesimama, na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akaisahau hapo hata wakati wa kula. Mama alikuwa mshonaji. Alijulikana kwa mashuka: alitarizi maua kwenye pembe kwa uzi wa rangi, kisha akayatia wanga wa muhogo na kuyapiga pasi ya makaa mpaka yakasimama yenyewe kama karatasi. Harufu ile ya wanga ukikutana na chuma cha moto ndiyo harufu ya nyumba yetu. Hata leo nikipita mahali wanapopiga pasi ya makaa, hunibidi nisimame kidogo.

Halafu miguu ya Mama ikaanza kuvimba. Kwanza viatu vilikataa kuingia, kisha kandambili nazo. Cherehani ikafunikwa kitambaa. Alipumua kama mtu aliyetoka kupanda kilima, hata alipokuwa amekaa tu, na usiku aliegemea mito mitatu kwa sababu kulala chali kulimkosesha hewa. Watu wazima walikuwa na sentensi moja waliyopokezana mlangoni: Mama anahitaji utulivu.

Mimi nilikuwa mtoto wa makelele. Shuleni tulifundishwa nyimbo za kumsifu kiongozi, na mimi nilizileta nyumbani, nikazipiga kwa mwiko juu ya sufuria. Kwa hiyo waliposema kwamba nitaondoka na Tantine Mauwa, dada yake Papa, aliyekuwa mwalimu Lubumbashi na aliyekuja likizo kumtazama Mama, sikuhitaji kuelezwa sababu. Mama anahitaji utulivu, na mimi ni makelele. Nilianza kutembea kwa ncha za vidole. Nilifunga milango taratibu kama mwizi. Nilimnong'oneza hata mbuzi wa jirani. Lakini wao waliendelea tu kunishonea gauni la safari, nikaona kwamba hukumu imekwisha kukatwa.

Papa aliwahi kupanda ndege mara moja, alipopelekwa Kinshasa kwa mafunzo, na safari ile ilikuwa hazina yake. Wiki ile kabla ya kuondoka kwangu alinigawia yote. Alipanga viti vya sebuleni: viwili upande huu, viwili upande ule, nafasi katikati, na benchi nyuma. Mama aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akitutazama.

"Sikia muzuri, Sifa," Papa alisema. "Mule ndani hakuna namba. Mwenye miguu njo mwenye dirisha. Ukiingia, usiangalie watu. Watakusalimia, watakuuliza habari ya Papa. Weye pita."

"Unafundisha mutoto kiburi," Mama akasema.

"Ninamufundisha ndege. Sifa, kaa mukono wa kushoto. Usikae kwenye bawa. Ukikaa kwenye bawa, utaona bawa mpaka Lubumbashi. Kaa mbele. Ndege itapaa kuelekea muji, na muji wote utapita kwa kushoto kwako: ziwa, bandari, Lukuga inavyotoka ziwani, na siye hapa."

"Na mimi niko nani mu hii ndege?" Mama akauliza. "Munanisahau."

"Weye njo hostesi. Uwape watu pipi."

"Hostesi na miguu hii? Nipe kazi ya rubani. Rubani anakaa."

Tulicheka sote. Kicheko cha Mama kikageuka kikohozi, Papa akapiga magoti na kikombe cha maji, na kwa muda hakuna aliyekuwa abiria. Nilisimama kati ya viti nikiogopa kupumua kwa sauti.

Alipotulia, nilitoa wasiwasi wangu. "Papa, nitajuaje nyumba yetu? Manjanja yote ya kambi, mabati haya, ni moja."

Papa alikuna kichwa, akaigusa kalamu yake. Hilo hakulijua, kwa sababu alipokwenda Kinshasa hakuwa na mtu chini wa kumtafuta kwa macho. Ni Mama aliyejibu.

"Nitatoa shuka. Ile nyeupe ya maua ya bluu. Nitaitandaza uani."

"Itachafuka chini."

"Basi nitaikamata mimi mwenyewe, hivi." Akainua mikono. Haikupita mabega. "Itapepea. Utaiona tu."

"Mama Sifa," Papa alisema kwa sauti ya chini.

"Wacha. Nimekwisha kumuahidi mutoto."

Kesho yake jirani aliifua ile shuka, na Mama akataka kuipiga pasi mwenyewe, akiwa amekaa, meza ndogo imesogezwa mpaka magotini. Alipiga kipande, akapumzika, akapiga kipande. Ilikunjwa na kuwekwa juu ya kabati, tayari.

Siku ya safari tulitoka alfajiri, mimi, Papa na Tantine, kwa lori la kazini kwa Papa. Mama hakuweza kuja mlangoni. Niliingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani, mito nyuma yake. Hakulia, nami sikulia, kwa sababu kulia ni makelele. Alinishika masikio yote mawili, kama alivyofanya aliponikagua kabla ya misa, akasema, "Kushoto."

"Kushoto," nikamjibu.

Ndivyo tulivyoagana.

Uwanja wa ndege uko nje ya mji, ukifuata pwani kuelekea kaskazini. Wakati ule ulikuwa nyumba moja, mizani ya kupimia mizigo, askari mmoja mwenye usingizi, na wamama wa biashara wamekalia vikapu vyao vya ndakala kavu, dagaa wa ziwani. Papa alilowesha kidole, akakiinua. "Umeona? Asubuhi upepo unatoka milimani. Ndege inapenda kupaa ikiutazama upepo usoni. Itaelekea muji. Kushoto." Moshi wa mwanamke aliyekaanga mikate pale nje ulikuwa unaelekea ziwani, ukimuunga mkono. Kisha dereva wa lori akapiga honi, na Papa ilimbidi arudi. "Niko uani na Mama," alisema. "Tutakuona."

Ndege ilitakiwa asubuhi. Asubuhi ikapita. Watu walianza ule mchezo ambao kila mtu wa rika langu anaujua.

"Iko wapi?"

"Iko Manono."

"Si wamesema Kamina?"

"Haijatoka hata Lubumbashi. Rubani anakunywa chai."

"Mimi ndakala zangu zimekauka mara ya pili," alisema mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha njano. "Zikifika Lubumbashi watu watakula vumbi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi: kila mara nilikwenda kuangalia njia ya kuelekea ndegeni, nihesabu watu wangapi watakuwa mbele yangu. Jua lilipanda. Niliona, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuona vitu, kwamba moshi wa yule mkaanga mikate ulisimama wima kwa muda, kisha ukageuka. Sasa ulitoka ziwani na kutuingia machoni, ukielekea milimani. Yeye mwenyewe alihama upande wa pili wa sufuria. Niliona, lakini sikujua kwamba nimeona kitu.

Mchana ulipokuwa mkali alifika mtu kwa baiskeli. Alikuwa Papa Lukwesa, jirani yetu, anayefanya kazi biro moja na Papa. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alimwita Tantine kando, nyuma ya mizani, akavua kofia kabla ya kusema. Niliwatazama. Tantine alipandisha mkono mpaka kichwani, kisha akaushusha haraka, kwa sababu macho yake yalikutana na yangu. Walizungumza kidogo. Papa Lukwesa alinitazama, akapanda baiskeli yake, akaenda. Hilo lilinishangaza kuliko yote, maana hakuwahi kunipita bila kunivuta sikio.

"Alitaka nini?" nilimuuliza Tantine.

"Alikuja kuuliza kama ndege imefika."

Niliona ni haki. Mji mzima ulikuwa unauliza hivyo. Tantine akaninunulia mikate na chupa nzima ya soda, yangu peke yangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nikafikiri safari inawapa watu ukarimu.

Ndege ilishuka mchana ukiwa umekwisha kuinama. Watu wakasimama kabla milango haijafunguliwa. Askari akapiga kelele, "Taratibu! Mko watu ao mbuzi?" lakini hata yeye alisogea pembeni. Nilikimbia. Nilipita kwapani mwa watu, nikapanda ngazi, nikapita salamu zote bila kuangalia mtu, kama nilivyofundishwa. Mkono wa kushoto, mbele ya bawa. Nilikaa na kushika kiti kwa mikono miwili kama mtu atakayenyang'anywa. Tantine alikuja nyuma akihema, akakaa kando yangu. Nilingoja anigombeze kwa kumwacha. Badala yake alinifunga mkanda.

Ndege ikaenda mpaka mwisho wa uwanja, ikageuka, ikanguruma. Tulipoinuka niliweka paji la uso kwenye kioo. Niliona majani, niliona mchanga, kisha nikaona maji. Nikangoja mji. Maji yakaendelea. Yalikuwa ya bluu, mazuri mno, na mbali kabisa ukungu upande wa Kigoma, na hakukuwa na paa hata moja. Nikangoja. Kisha ndege ikalala kwa upande wa pili, na dirisha langu likajaa mawingu.

Niligeuza kichwa. Ng'ambo ya njia, kwenye madirisha ya kuume, kulikuwa na ardhi nyekundu.

"Tantine! Muji uko kule!"

"Kaa, Sifa."

"Uko kule, Tantine, unapita!"

"Angalia maji." Alikuwa amekamata gauni langu kiunoni, na mkono wake ulikuwa na nguvu nisizozijua. "Maji ni mazuri. Angalia maji yako."

Nilijikunja, nikazama chini, nikateleza kutoka mkononi mwake kama samaki. Nilipanda mapaja yake, nikaruka njia, nikaangukia magotini kwa yule mama wa kitenge cha njano, aliyekuwa amefumba macho akisali.

"Weye mutoto! Unakanyaga watu wazima!"

"Samahani, Mama, mama yangu ananingoja pale chini!"

Alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliegemeza kichwa chake nyuma, akanivuta juu ya mapaja yake yaliyonuka ndakala, akanisukuma kwenye kioo. "Haya. Angalia mbio."

Niliona Lukuga ikitoka ziwani, ya kahawia. Niliona mashine za bandari zimeinama, na reli kama uzi uliodondoka. Halafu mapaa ya kambi, yote ya kutu, yote sawasawa, na moyo wangu ukaanza kukata tamaa. Kisha nikaiona. Ilikuwa nyeupe katikati ya uwanja mwekundu, ndogo kama punje ya mchele juu ya tofali. Na si Mama na Papa tu! Uani palijaa watu, wamebanana mpaka barabarani. Kambi nzima ilikuwa imetoka kwa ajili yangu.

Nilipunga mikono yote miwili mpaka nikapiga kioo.

Jambo moja lilinikera. Shuka haikupepea. Mama alisema itapepea, na hii ilikuwa imetulia, imenyooka, kama iliyotandikwa mezani. Nilijiambia kwamba pengine kutoka juu upepo hauonekani. Kisha wingu likapita, na pale palipokuwa na nyumba yetu pakawa kilima.

Nilirudi kwa Tantine nikiwa na furaha iliyokosa mahali pa kukaa. "Nimemuona! Ametoa shuka! Na watu wote wamekuja kuniaga, Tantine, wote!"

Tantine alichukua ncha ya kilemba chake, akajifunika macho. Alisema ni sauti ya injini, inamuumiza kichwa. Baada ya muda, bila kujifunua, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Wamekuaga."

Lubumbashi kulikuwa na baridi. Siku chache baadaye niliamka nikakuta viti vimetolewa sebuleni na wamama wameketi kwenye mikeka. Tantine aliniita kati yao, akaniambia Mama ametuacha. Nilimwambia si kweli. Nilisema mbele ya watu wote kwamba nimemwona kwa macho yangu, alikuwa uani, ameshika shuka. Tantine akaniwekea kiganja mdomoni, si kwa ukali, akanong'ona, "Hiyo usiseme tena. Kwa muntu yeyote." Alikuwa amevaa uso wa kuogopa, nami nikatii. Hakuniambia Mama alifariki lini, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kujua.

Niliyapanga yote mwenyewe, kwa utaratibu. Ndege ilitakiwa asubuhi, ikaja alasiri. Mama aliahidi kunishikia shuka. Mama hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Kwa hiyo alisimama uani tangu asubuhi, juani, kwa miguu ile, akiinua mikono isiyopita mabega, akiningoja. Shuka haikupepea kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Watu hawakuja kuniaga. Walikuja kwa sababu alikuwa anaanguka. Na yote haya yalitoka kwenye swali langu moja: nitajuaje nyumba yetu? Kila kipande kilikaa mahali pake. Baadaye maishani nimefanya kazi ya kukusanya habari na kuzipanga, na nimejifunza kuogopa hadithi ambayo vipande vyake vyote vinakaa vizuri namna ile. Lakini nilikuwa mtoto, na hakuna mtu mzima aliyeniuliza ninafikiri nini.

Tangu hapo sikutaka tena dirisha. Hata Papa, aliyenitafutia dirisha la kwanza, sikumwambia kwa nini.

Niliporudi Kalemie kwa likizo kubwa, nilikuta nina jina. Watoto wa wajomba zangu, upande wa Mama, waliniita Mbuzi ya Ndege. "Papa yako alitoa mbuzi ju ya ndege yako!" walipiga kelele wakinikimbiza kati ya nyumba. "Mee! Mee! Abiria huyu!" Bibi yangu aliwafukuza kwa ufagio, lakini hakusema kwamba ni uongo. Papa akiwasikia alitoka nje kwenda kuangalia kuku. Nikaelewa, kwa akili yangu ileile ya kupanga vipande, kwamba mbuzi ndiyo nauli iliyonipeleka Lubumbashi. Nikaiongeza kwenye mzigo: nimemuua Mama, na nimemfilisi Papa mbuzi wake. Kwa miaka mingi sikuweza kumeza nyama ya mbuzi, na watu walidhani ni dini.

Tantine Mauwa alifariki nikiwa chuoni. Sikumuuliza, wala yeye hakufungua mdomo. Papa alizeeka taratibu katika nyumba ileile. Macho yakaingia ukungu, kalamu ikaondoka sikioni. Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata nafasi, tukizungumza habari za bei ya vitu, na magonjwa ya majirani, na mambo ya kanisa. Mama tulimtaja kama mtakatifu anavyotajwa, jina tu.

Safari yangu ya mwisho kwake tulikuwa tumekaa uani, alasiri, mimi nikichambua mchele. Ndege ikapita. Papa akainua kichwa, akaifuata kwa sikio mpaka ikaisha.

"Imepaa kwa ziwa," alisema. "Muchana njo hivyo. Upepo unatoka majini." Kisha akasema, "Nilikukosesha, Sifa. Nilikuambia kushoto."

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo.

"Nilifikiria ndege ya asubuhi tu. Sikufikiria kama itachelewa. Nimesikia ndege zote toka siku ile, kila moja inaniambia: kuume, kuume."

"Papa, si kitu."

"Ni kitu. Mama yako alikatika roho mbele ya saa sita. Nikamutuma Lukwesa na kinga yake, ile baiskeli, amuambie Mauwa: peleka mutoto, usimurudishe. Mama yako mwenyewe, mbele ya kukatika, alinishika mukono, akasema Sifa asione."

"Mbele ya saa sita?"

"Njo nilivyosema."

"Kwa hiyo hakusimama juani."

"Nani?"

"Mama. Na shuka."

Papa alinigeuzia uso, macho yake meupe yakinitafuta. "Asimame na miguu gani, Sifa? Hakushuka kitandani toka muliondoka. Nilimukamata mpaka mwisho. Nani alikuambia alisimama?"

Hakuna aliyeniambia. Nilimuuliza tena, nikamuuliza mara ya tatu, kama ninavyowauliza watu kazini ninapotaka kuwa na hakika, naye kila mara alinijibu vilevile, kwa uvumilivu wa mtu anayedhani mwenzake hasikii vizuri. Mchele ulikuwa umenimwagikia miguuni.

"Ile shuka ilikuwa juu ya kabati, imepigwa pasi," aliendelea. "Njo tulimufunika nayo. Muchana tulikuwa tunamutoa chumbani, tumupeleke chini ya turubai pale walipofunga. Wanaume wanne na kitanda mabegani, mimi mumoja wao. Tumefika katikati ya uwanja, nikasikia ndege. Nikasema: simameni. Wamama wakanipigia kelele, 'Papa Sifa, maiti hawaisimamishe njiani! Hawaiweke juani!' Nikasema simameni, mutoto anatafuta shuka. Tukasimama. Jua kali, watu wanalia, mimi nimewazuia. Mpaka sauti ikaisha."

"Mbuzi," nikasema.

"Njo mbuzi ile. Wakwe walikasirika sana. Walisema nimemuanika mutoto wao kama ndakala. Nikalipa mbuzi ya faini, sikubishana." Alipapasa fimbo yake, akaipata, akaishika bila kusimama. "Lakini nilisikia ndege kwa upande wa maji, ikitupita kwa kuume. Na weye uko kushoto, mimi njo nilikufundisha. Nikasema moyoni: nimesimamisha maiti bure. Mutoto anaangalia maji."

"Niliiona, Papa."

Aliinamisha sikio lake kwangu.

"Niliruka upande wa pili. Nilimkanyaga mama mmoja wa ndakala, akanipakata. Niliiona katikati ya uwanja. Nyeupe. Ilikuwa imetulia."

"Imetulia," akarudia.

"Imetulia kabisa."

Kuku walipita kati yetu wakiokota mchele nilioumwaga, na hakuna aliyewafukuza. Papa alikuwa anatingisha kichwa polepole, kama mtu anayepokea hesabu ndefu na kuikuta sahihi.

"Ulipunga mukono?"

"Yote miwili."

"Basi," Papa akasema, akijifuta macho kwa mgongo wa mkono, "ile mbuzi haikufa bure."